Mguu wa Babu Yako na Matairi Niliyoyachagua Mimi

Mkotokuyana, Jumapili jioni

Tekla mwanangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Hali yako naijua, maana nakusikia hapo uani ukimwambia mama yako kwamba begi halifungi, naye anakujibu ulikalie. Kesho asubuhi utapanda gari la Ruangwa, ukifika huko utachukua bodaboda mpaka Nkowe, halafu kambini kuanza kazi. Ningeweza kutoka hapo nje nikasema haya kwa mdomo. Nimejaribu tangu Ijumaa. Kila nikikaa karibu yako naishia kukuuliza kama umechukua chandarua.

Basi ya chandarua tuyaache. Na ya kuchemsha maji, na ya wanaume. Mama yako ameshayasema yote, na ameyasema vizuri kuliko mimi. Nataka kukuambia habari ya mguu wa babu yako, kwa sababu huko uendako wapo watu wanaoikumbuka, na nisipokuambia mimi watakuambia wao. Wewe umekua ukijua kwamba gari la majini lilimvunja mguu, na kwamba mimi nilikuwepo. Hilo "nilikuwepo" limenibeba muda mrefu. Leo nalishusha.

Wakati ule Ruangwa ilikuwa bado ndani ya wilaya ya Nachingwea, na mimi nilikuwa kijana niliyekataa jembe. Walikuja watu wa kutafuta mawe ya thamani, wakaweka stoo na gereji yao Nachingwea mjini, na kambi yao ng'ambo ya mto Mbwemkuru. Kiangazi mto ule ni mchanga tu, unavuka na kandambili mkononi. Masika unakuwa kitu kingine. Kwa hiyo wakaleta lile gari. Bodi yake ilikuwa kama beseni kubwa, magurudumu sita, hakuna usukani, ila vyuma viwili vya kuvuta: ukivuta cha kushoto, magurudumu ya kushoto yanasimama na gari linageukia huko. Likiingia majini linaelea, na hakuna pangaboi nyuma. Kinacholisukuma majini ni matairi yenyewe yanavyozunguka na kuchota maji. Watu wakaliita Chura, na jina likabaki.

Mkuu wa gereji alikuwa Mzee Adriano. Babu yako hakuzaliwa babu, Tekla. Alikuja kutoka Msumbiji enzi za vita, akatengeneza malori ya wapiganaji hapa Nachingwea, na wenzake waliporudi kwao yeye akabaki, kwa sababu mke wake alikuwa amezikwa Nambambo na binti yake alikuwa mdogo. Alikuwa na mikono kama koleo. Alitufundisha kwa mkanda wa feni. Ukiweka spana mahali pasipo pake, mkanda. Ukiuliza swali mara ya pili, mkanda. Mimi nilikuwa nauliza mara ya pili.

Matairi ya Chura yalikuwa mapana, laini, yenye upepo mdogo mno. Ukiyabonyeza kwa kidole gumba yanabonyea kama embe lililoiva. Kashata zake, yale meno ya mpira, zilipita kutoka upande hadi upande kama mbavu, na hizo mbavu ndizo zilizochota maji. Siku moja nilijaza upepo kupita kiasi. Nilidhani tairi gumu ndilo tairi zima, kama la baiskeli. Mzee Adriano hakunipiga. Aliniambia nilale chini, kifudifudi, pale uwanjani mbele ya gereji.

"Lala."

"Mzee, nilale kwa nini?"

"Umejaza upepo wewe. Sasa mgongo wako utatuambia kama umejaza sawasawa. Kwanza upunguze. Punguza mpaka uone unatosha. Halafu lala."

Nikapunguza. Nikalala. Akawasha Chura na kupita juu yangu, magurudumu ya upande mmoja, moja baada ya jingine, taratibu. Sikuumia. Lilikuwa kama gunia la ufuta linalobingirishwa mgongoni. Lakini kabla gurudumu la pili halijanifikia nilikuwa nimejikojolea, na nilipoinuka suruali ilieleza yote. Mafundi walicheka. Na binti aliyekuwa ameleta chakula cha baba yake alicheka kuliko wote, mpaka akaweka kikapu chini akashika kiuno. Yule alikuwa mama yako. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipoujua uso wangu.

Toka siku hiyo nilimchukia Mzee Adriano kwa chuki yenye afya, inayokula na kulala na kuamka mapema. Nilimchukia pamoja na kila kitu alichokijua. Hapo ndipo nilipopotea, na ningependa upaone vizuri, maana bonde lenyewe huwezi kuliona ukiwa ndani yake. Mtu anaweza kuwa mkatili na bado akawa anasema kweli. Mimi sikuweza kuvitenganisha. Alichosema yeye ni cheupe, mimi nilianza kutafuta weusi wake.

Alikuwa na sheria moja pale gereji: aliyefunga matairi ndiye wa kwanza kuingia nayo mtoni. Kila tulipobadilisha hata moja, fundi aliyelifunga alipanda Chura akavuka na kurudi kabla ya mtu mwingine yeyote. Mimi niliona ni ukatili mwingine tu. Sikuona kwamba yeye mwenyewe alikuwa anavuka kila alipofunga.

Yale matairi laini yalikuwa na ugonjwa mmoja. Porini kuna visiki vya mpingo, na kisiki cha mpingo kilichokatwa upande ni kisu. Kuna miiba. Kuna mawe ya huko kwenye vilima. Hazikupita siku mbili bila pancha. Mimi ndiye niliyekuwa naziba, na Meneja wa kampuni ndiye aliyekuwa anapiga kelele kwenye redio. Akatuambia tuchague matairi mengine, yeye ataagiza Dar es Salaam. Kulikuwa na aina nyingine, membamba kidogo, yenye kuta nene na kashata fupi zilizobanana. Mazito. Mzee Adriano aliyakataa kabla sijamaliza kusema.

"Hayo ni ya mawe," alisema. "Majini yatazunguka tu, maji yatabaki palepale. Na uzito wake utazamisha bodi."

"Mzee, mtoni tunaingia mara ngapi? Miezi mingi mto ni mchanga," nikamjibu mbele ya Meneja. "Visiki tunakutana navyo kila siku."

Tazama jinsi maneno yangu yalivyokuwa mazuri. Hata leo nikiyasikia naona yana akili. Meneja aliyapenda. Akaagiza yale magumu. Mzee Adriano alisema hayafungi yeye, na Meneja akaninyooshea kidole akasema basi atayafunga Kasiani, na Kasiani ndiye atakuwa mkuu wa gereji. Hivyo tu, kwa sentensi moja, kiangazi, watu wamekaa juu ya madebe. Mzee Adriano akawa dereva. Nikamnyang'anya na ule mkanda wa feni, nikautundika ofisini kwangu pale anapouona akiingia.

Kiangazi chote hatukupata pancha. Nilisifiwa. Nilinunua saa. Nilikuwa napita Nambambo na baiskeli makusudi ili binti wa Mzee Adriano anione, naye alikuwa ananiona, na kila akiniona anaangalia suruali yangu.

Halafu mvua zikaja. Zilikuja kwa hasira mwaka ule. Ng'ambo ya mto kulikuwa na wenzetu kambini, chakula kikawaishia, na mmoja wao, kijana wa Nkowe aliyeitwa Mandanje, alikuwa na homa kali. Meneja akasema Chura livuke. Tulishuka mtoni asubuhi, umati wa wafanyakazi na watu wa vijiji vya karibu waliokuja kutazama. Maji yalikuwa mekundu, yamebeba magogo. Ng'ambo tuliwaona wenzetu wakipunga shati.

Mzee Adriano alilizunguka Chura akaligusa kila tairi kwa kiganja. Akanigeukia. Hakupaza sauti.

"Matairi haya amefunga nani?"

"Mimi."

"Basi panda."

Tekla, nimekaa na dakika ile kwa muda wote wa maisha yako. Nilikuwa naogopa maji. Hilo ni moja, na kwa hofu peke yake sijilaumu. Lakini hofu haikuwa peke yake. Watu walikuwa wanatutazama, na nikaona nafasi, naye amesimama mbele yangu amelowa, mzee. Nikasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Sheria hiyo ilikuwa yako ulipokuwa mkubwa. Sasa mkubwa ni mimi, na wewe ni dereva. Panda wewe. Au nikulaze chini kwanza?"

Watu walicheka. Walicheka kama walivyonicheka mimi. Nilifurahi, mwanangu. Sitakudanganya kwamba moyo ulinisuta palepale. Ulijaa furaha. Mzee Adriano alinitazama kama mtu anayesoma bei, akapanda.

Chura liliingia likakaa chini mno, maji yakiwa karibu na ukingo wa bodi. Magurudumu yakazunguka kwa kasi, yakarusha povu, na gari halikwenda mbele. Lilikwenda pembeni. Mto ulilichukua hivihivi, kama mwanamke anavyochukua ungo. Tulikuwa tumelifunga kamba, tukaivuta, tukakimbia nayo ukingoni kufuata mkondo. Lilikwenda kugonga mawe pale mto unapopinda, upande wetu. Mzee Adriano aliruka nje, maji ya mapajani, akaanza kulisukuma lisipinduke na kupotea, gari la wenyewe, gari alilosema halifai. Injini ilikuwa bado inanguruma. Tukavuta kamba kwa nguvu zaidi, mimi wa mbele. Gurudumu likapata jiwe. Lile tairi langu lilipenda mawe. Likauma, likapanda, na mguu wa babu yako ulikuwa kati yake na jiwe.

Lingekuwa tairi laini lingepita kama lilivyopita mgongoni mwangu. Hili halikubonyea. Nilisikia mfupa ukivunjika pamoja na kelele ya maji na injini. Hakulia. Alisema neno moja la kwao Kimakonde ambalo mama yako amekataa kunifasiria mpaka leo.

Hospitali walifanya waliloweza, na waliloweza lilikuwa kuukata juu ya goti. Mandanje alikufa ng'ambo siku ya pili, na wenzake wakamzika kambini kwa sababu hakukuwa na njia ya kumleta kwao. Hakuna aliyenitaja. Walisema ni malaria. Huko Nkowe utaikuta familia yake. Mama yake bado hai, kipofu sasa. Nimewahi kwenda mara moja, nikaishia kununua karanga kwake nikaondoka.

Kambi ilifungwa mvua zilipokwisha. Meneja aliondoka na magari mazima, akaliacha Chura lioze pale mtoni. Mzee Adriano alirudishwa Nambambo na magongo mawili ya miti. Nilikaa nyumbani mpaka baba yangu akaniambia kwa Kimwera kwamba mwanamume hajifichi kama panya buku. Nikaenda na mjomba wangu na jogoo kuomba radhi.

Alitusikiliza mpaka mwisho, mjomba akiongea vizuri, mimi nimeinamisha kichwa. Kisha akasema, "Jogoo mrudishe. Jogoo nitamla leo, kesho nitakula nini? Mguu wangu ulikuwa unalima. Sasa wewe utalima. Utanijengea kwako, utanilisha, utanibeba chooni, mpaka nife. Na ili usikimbie, utamwoa huyu." Akaonyesha kwa gongo. "Rosalina, funga vitu vyako."

Mama yako alikuwa anapepeta mchele. Hakuulizwa. Alisimamisha ungo, akanitazama kuanzia miguuni.

"Huyu aliyejikojolea?" akasema.

"Huyohuyo," babu yako akajibu.

Ndivyo nyumba yetu ilivyoanza. Kanisani padri alimuuliza mama yako kama anakubali kwa hiari yake, naye akageuka kumtazama baba yake aliyeegemea ukuta, akasema ndiyo. Mimi niliulizwa pia nikasema ndiyo, na nilikuwa na furaha, fikiria, nilikuwa na furaha ya kijinga kwa sababu binti alikuwa mzuri. Nilidhani adhabu yangu ina sukari ndani. Mwaka mzima aliniletea ugali uliolala, akampa baba yake wa moto. Akiongea na mimi aliongea na mlango. Nilipomgusa alitazama dari mpaka nikaona aibu ya mikono yangu. Ndipo nilipoelewa kwamba babu yako alikuwa ameadhibu watu wawili kwa fimbo moja, na mmoja hakuwa na kosa lolote. Na mimi nilikubali kuwa ile fimbo. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema nitakulisha, Mzee, nitakubeba, lakini binti mwache. Sikusema. Kati ya yote niliyofanya, mto ulinichukua dakika moja, lakini hili nililifanya kila siku.

Mengine umeyaona mwenyewe. Umeona ninavyombeba. Umesikia anavyoniita "Mkuu wa Gereji" kila ninapomfunga suruali. Unakumbuka nilivyomtengenezea katambuga la mguu mmoja, kwa tairi zuri la lori, akanirushia: "Viatu huuzwa jozi!" Nikatengeneza la pili, naye akalitundika ukutani juu ya kitanda chake ili nilione kila ninapoingia. Hilo nilimfundisha mimi, kwa ule mkanda.

Lakini kuna moja ambalo hujawahi kunisikia nikilisema. Ulikuwa mdogo, umeanza kusoma darasa la pili. Babu yako alikuwa anakufundisha matairi pale kibandani kwangu, na nilifurahi kukuona unayapenda. Ukakosea. Akakuambia uweke kiganja chini, akapitisha gurudumu la pikipiki ya mteja juu ya vidole vyako. Ulipiga kelele moja tu, kisha ukanitazama. Mimi nilikuwa naziba pancha. Nilikuona. Nikarudisha macho kwenye gundi. Nilijiambia kwamba mzee ana haki na mimi, na kama ana haki na mimi ana haki na changu. Mama yako ndiye aliyetoka na mwiko akampiga baba yake mwenyewe begani, mlemavu, mbele ya wateja. Kidole chako kidogo kilipona kikiwa kimepinda. Kila ukishika kijiko nakiona. Sikukulinda, Tekla. Hatia yangu niliilipa kwa vidole vyako.

Sasa unakwenda kuchagua matairi ya gari kama lile, jipya, la magurudumu manane wanasema. Unajua kazi kuliko nilivyoijua. Nitakuambia neno moja la ufundi tu: mimi nilichagua tairi la siku nyingi, na babu yako alichagua tairi la siku moja. Siku nyingi zinakupa sifa. Siku ile moja ndiyo inayoua. Ukiulizwa huko kambini, kwanza nenda ukautazame mto, uliza wenyeji unapanda mpaka wapi masika, halafu ndipo utazame visiki. Atakayekuambia kuna tairi linalofaa kila mahali, huyo muuzaji. Na atakayekufundisha vibaya, mchukie ukitaka, ila alichokufundisha baki nacho. Nisingeweza kukuambia usichukie. Sijui namna hiyo.

Asubuhi utaingia kumuaga babu yako. Nimemwambia leo mchana kwamba unaondoka. Akauliza ringi ni za ukubwa gani, nikamwambia sijui. "Hujui," akasema, akageukia ukuta. Huenda kesho asikujibu. Huenda akakutukana. Usikae ukingoja baraka; muda wa gari hautakungoja.

Na huko ukikutana na mama yake Mandanje, usifiche jina. Sema wewe ni mtoto wa Kasiani aliyefunga matairi. Akikufukuza, ondoka. Mimi sikumpa hata nafasi ya kunifukuza.

Kabla sijashika kalamu nilikwenda jikoni. Mama yako alikuwa anapiga pasi shati lako la kazi, amekupa kisogo. Sijui kilichonipata. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza. Nikamwambia, "Mama Tekla, ile siku baba yako angekuuliza kwanza, ungekubali?"

Alinyunyizia maji kola, akaipitisha pasi mpaka mvuke ukapanda.

"Hapana," akasema.

Akaligeuza shati, akaanza mkono wa pili.

"Umekula?" akauliza.

"Bado."

"Basi jipakulie kabla hakijapoa."

Nimekula, mwanangu. Kilikuwa cha moto.

Baba yako,
Kasiani